Ndege ya pangaboi imegoma kwenye simuleta ya kompyuta: ukague, uitenge, usakinishe upya au uandike kwa mtengenezaji?

Anayekaa Makole au Area C hahitaji kuambiwa kwa nini warushaji wa nyumbani wa Dodoma wanapenda ndege za pangaboi. Uwanja uko mjini kabisa. Unasikia Dash 8 Q400 ya Air Tanzania ikija kutua, unaiona ATR ya Precision Air ikipaa, na jioni ukiwasha kompyuta unataka kurusha hiyohiyo: HTDO (Dodoma) mpaka HTDA (Dar es Salaam), karibu maili 210 za baharini kwa mstari ulionyooka. Wengine hupenda ndogo zaidi, kama Cessna Caravan, PC-12 au TBM, zinazotua hata kwenye viwanja vya vumbi.

Ndege hizi za nyongeza, yaani zinazowekwa juu ya zile zilizokuja na simuleta, zikitengenezwa kwa undani, zina betri inayoisha, injini inayoungua, na swichi ambazo ukizikosea hakuna kinachowaka. Ndiyo raha yake. Ndiyo pia sababu siku zikigoma mtu hajui ashike wapi. Amekosea yeye, simuleta imevurugika, au ndege yenyewe ina kasoro? Watu wengi wanakwama hapo, halafu wanakimbilia njia ya kwanza inayowajia kichwani. Njia ziko nne, na kila moja ina mahali pake. Nazilinganisha hapa kwa watumiaji wa Microsoft Flight Simulator na X-Plane.

Vigezo vya kupimia

Kwanza, je, njia itakuonyesha chanzo? Ndege inaweza kupona bila wewe kujua iliumwa nini, na ikirudia utaanza tena sifuri. Pili ni muda, ukihesabu pia dakika za kusubiri simuleta ifunguke kila unapojaribu. Tatu ni bando na umeme: kupakua jibi kadhaa upya kwa bando la simu ni gharama halisi, na umeme ukikatika katikati ya upakuaji unaweza kubaki na mafaili pungufu. Nne ni kile unachoweza kupoteza, kama mipangilio ya joistiki, leseni, au saa za injini ulizozikusanya kwa uvumilivu.

Njia ya kwanza: kukagua chumba cha rubani na vidhibiti

Hapa hufungui folda yoyote. Unakaa kwenye kiti, unafungua orodha ya ukaguzi iliyokuja na ndege, unaipitia kuanzia juu bila kuruka mstari.

Kwa upande wa kuonyesha chanzo, njia hii ndiyo inayofundisha zaidi, kwa sababu mengi yanayoonekana kama kasoro ni ndege kufanya kile inachotakiwa kufanya. Kijana mmoja wa UDOM alinipigia akiwa amechoka kabisa: “Shikamoo kaka. Injini ya kulia ya ATR inanguruma lakini pangaboi limesimama. Nimeshaifuta na kuirudisha, wapi.” Nikamwambia, “Marahaba mdogo wangu. Angalia swichi ya breki ya propela.” ATR haina injini ndogo ya akiba mkiani. Badala yake injini namba mbili ina breki ya propela, ili iweze kutoa umeme na hewa wakati abiria wanapanda huku pangaboi limetulia. Marubani wanaita hali hiyo “hoteli”. ATR 42-600 na 72-600 za Microsoft Flight Simulator, zilizotoka mwaka 2023, zina mfumo huo. Kijana akaachia breki, pangaboi likazunguka, na bando lililobaki likawa salama.

Ndege ndogo nazo zina tabia zake. Caravan, TBM, PC-12 na King Air zote zinatumia injini za familia ya PT6 kutoka Pratt & Whitney Canada. Ndani ya PT6, sehemu inayobana hewa na sehemu inayozungusha propela hazijaunganishwa kwa shafti moja. Kinachosukuma propela ni gesi ya moto tu. Ndiyo maana unaweza kuona geji ya Ng (kasi ya sehemu inayobana hewa) inapanda huku pangaboi likijivuta. Na kama wenzo wa propela uko nyuma kabisa, mapanga yameelekeza makali kwenye upepo, kwa hiyo injini itawaka na mzunguko utabaki chini. Hiyo si kasoro.

Tazama uwashaji wenyewe kwa karibu. Kwenye Caravan yenye PT6A-114A unaanza na betri: volti zisiwe chini ya 24. Unabonyeza stata, unatazama Ng. Inapanda, inafika 12%, inatulia. Hapo ndipo unafungua wenzo wa mafuta mpaka nafasi ya mwendo wa chini (low idle). ITT, yaani joto la gesi ndani ya injini, inaruka juu, inafika kileleni, kisha inashuka yenyewe huku Ng ikiendelea kupanda. Ukifungua mafuta Ng ikiwa 7% au 8%, au betri ikiwa imechoka, hewa ya kupoza haitoshi na ITT inaendelea kupanda badala ya kushuka. Kikomo cha uwashaji cha injini hiyo ni nyuzi 1,090 kwa sekunde mbili tu. Ndege ya kawaida ya simuleta itakusamehe. Iliyotengenezwa kwa undani haitakusamehe, na nyingine zinakumbuka: TBM 900 ya HotStart kwa X-Plane huhifadhi uchakavu na uharibifu kutoka safari moja hadi nyingine, na ina ukurasa wa matengenezo wa kurekebisha ulichoharibu. Mtu anayeunguza injini leo jioni, kesho anakuta haina nguvu, anadhani programu imeharibika.

Kuna jambo la Dodoma hapa ambalo halimo kwenye video nyingi za mafunzo. Uwanja wetu uko futi zipatazo 3,670 juu ya usawa wa bahari. Siku ya nyuzi 30, ndege inahisi kama iko karibu futi 6,300. Hewa ni nyepesi, hivyo unaweza kugusa kikomo cha ITT kabla ya kufikia kikomo cha torki (nguvu ya kuzungusha propela), na mbio za kupaa zinakuwa ndefu kuliko ulizozoea ukitokea Dar. Ukiwa umeacha kichujio cha kuzuia vumbi na mawe kwenye nafasi ya kupitisha pembeni, nguvu inapungua tena. Kabla hujasema injini ni mbovu, irushe ndege hiyohiyo kutoka HTDA au Zanzibar, HTZA. Ikipata nguvu huko, huna kasoro. Una mwinuko na joto.

Halafu vidhibiti. Hapa ndipo ningekaa muda mrefu kuliko popote. Mikono ya bei nafuu ya joistiki hupima mkao kwa kipande kinachosuguliwa ndani, na vumbi la kiangazi cha huku huingia humo. Fungua dirisha la Windows la vidhibiti vya michezo, sukuma wenzo hadi katikati, ondoa mkono kabisa, utazame mstari wa kipimo. Ukitetemeka au kuruka wakati hakuna anayeugusa, simuleta inaona wewe ndiye unayefungua na kufunga mafuta mara kadhaa kwa sekunde. Injini ikizimika ghafla ukiwa angani, anzia hapo. Mafundi wa redio na simu mjini wanayo dawa ya kupuliza ya kusafishia kontakti, na mara nyingi inatosha. Angalia pia kama vifaa viwili vinagombea mhimili (axis) mmoja, yaani kuongoza wenzo uleule. Kidhibiti cha Xbox kilichosahaulika kwenye waya kinaweza kushikilia wenzo wa mafuta au wa nguvu bila wewe kujua. Tena, soma mwongozo wa ndege yenyewe: baadhi husikiliza mhimili wa mchanganyiko wa mafuta, nyingine mhimili wao maalumu.

Muda ni mdogo, bando ni sifuri, na hatari ni ndogo mno mradi uandike mpangilio wa zamani kabla ya kuubadilisha. Njia hii inamfaa mwenye injini isiyowaka, inayozimika au isiyo na nguvu, na yeyote aliyenunua ndege karibuni. Haimsaidii ambaye simuleta inajifunga yenyewe kabla hata hajafika kwenye kiti.

Njia ya pili: kuitenga ndege

Kutenga ni kuondoa kila nyongeza nyingine, ukaijaribu ndege peke yake. Kwenye Microsoft Flight Simulator, funga simuleta, badilisha jina la folda ya Community, ambamo nyongeza huwekwa, tengeneza mpya tupu yenye jina lilelile, kisha weka humo ndege yenye shida pamoja na vile ambavyo haiwezi kuishi bila hivyo, kwa mfano programu ya GPS ambayo ndege inaitegemea. Simuleta ikianguka, inapofunguka tena inaweza kukupa hali salama isiyopakia Community. Hiyo ni njia ya mkato ya kujua kama tatizo liko humo, ingawa ndege yako nayo inakuwa imeondolewa. Kwenye X-Plane, unahamisha plagini kutoka Resources/plugins, na mandhari kutoka Custom Scenery.

Kuhusu chanzo, njia hii haikuambii ni swichi gani, lakini inakuambia ni nani. Ndege ikipona ikiwa peke yake, rudisha nusu ya nyongeza. Ikigoma, mkosaji yumo kwenye nusu hiyo. Ikifanya kazi, yuko kwenye nusu nyingine. Ukiwa na nyongeza 40, unamfikia kwa majaribio kama sita. Jaribu kila mara kwenye uwanja uleule, saa ileile, na hali ya hewa uliyoichagua mwenyewe, si ya moja kwa moja, la sivyo utalinganisha vitu visivyolingana.

Mtu wa kwanza kumshuku ni rangi, yaani mavazi ya shirika yanayopakuliwa kuivika ndege. Rangi ya Air Tanzania au ya Precision Air iliyotengenezwa kwa toleo la zamani la ndege inaweza kubeba ndani yake faili za paneli za toleo hilo. Ndege inasasishwa, rangi haisasishwi, na unaingia ndani unakuta skrini nyeusi. Rusha kwanza kwa rangi iliyokuja na ndege. Mtu wa pili ni GPS: ukichagua kwenye ndege GPS ambayo hujaisakinisha, skrini haitakuwa na cha kuonyesha.

Muda ndio bei ya njia hii, kwa sababu kila jaribio lina kufunga na kufungua. Kwenye kompyuta yenye diski ya zamani ya kuzunguka inaweza kula jioni nzima. Bando halitumiki sana. Hatari ni ndogo kwa kuwa hufuti chochote, unahamisha tu; weka folda ya zamani kwenye diski ileile ili kuhamisha kuwe kwa papo hapo. Inamfaa mwenye nyongeza nyingi, mwenye skrini nyeusi, anayeona mapicha yakikwamakwama kwenye ndege moja tu, na ambaye ndege ilikuwa nzima hadi aliposakinisha kitu kingine. Mwenye ndege moja na hana kingine hana cha kutenga.

Njia ya tatu: kufuta na kusakinisha upya

Hii ndiyo wengi wanaanza nayo, na sioni vema kuibeza, kwa sababu kuna mahali ambapo ndiyo dawa hasa. Programu ya kuzuia virusi inaweza kuwa imekamata faili moja la ndege na kulifungia bila kelele. Upakuaji unaweza kuwa ulikatika umeme ulipokwenda. Sasisho la simuleta linaweza kuwa limebadilisha mambo, na mtengenezaji akatoa toleo jipya la ndege ambalo wewe bado huna. Katika hali hizo utakagua swichi hadi asubuhi bila faida.

Kwa kuonyesha chanzo, ni dhaifu. Ikipona hujui kama lilikuwa faili pungufu au toleo la zamani. Na kuna mtego: ndege nyingi za undani huhifadhi hali yake nje ya folda yake. Kwenye Microsoft Flight Simulator hali hiyo huwa kwenye folda iitwayo work ya kifurushi husika. Kwenye X-Plane baadhi huiweka ndani ya Output. Ukifuta ndege na kuirudisha bila kugusa hapo, utakuta betri ileile iliyokufa na injini ileile iliyoungua. Ni kubadilisha shati bila kuoga. Kwa hiyo nakili folda hiyo pembeni, kisha uiondoe, ndipo usakinishe. Au anza kwa kuondoa hali hiyo peke yake na kuacha ndege ilipo, maana mara nyingine hilo tu linatosha na halili bando.

Muda unategemea mtandao. Bando ndilo linaloumia. Kama una rafiki mwenye intaneti ya waya, pakua kwake uweke kwenye flashi, na hilo faili la kusakinishia ulitunze. Kompyuta ya mezani iwe kwenye betri ya akiba, au usubiri saa ambazo umeme kwenu hutulia. Kabla ya kufuta, angalia leseni: baadhi ya wauzaji huhesabu mara unazoiwasha, hivyo izime kwanza kwenye programu yao. Hatari ya kupoteza vitu ni kubwa kuliko njia nyingine zote. Inamfaa ambaye ndege haionekani kabisa kwenye orodha, ambaye simuleta imesasishwa juzijuzi, au ambaye programu ya kuzuia virusi imetoa onyo.

Njia ya nne: kuandika kwa mtengenezaji

Inachukua dakika chache kuandika na siku kadhaa kujibiwa. Haigusi mipangilio yako, na bando lake ni la barua pepe moja. Ubora wa jibu unategemea ubora wa barua. Taja simuleta na toleo lake, toleo la ndege, uwanja, rangi uliyotumia, na hatua kwa hatua ulichofanya hadi ikagoma. Kwenye X-Plane ambatanisha Log.txt iliyo kwenye folda kuu. Huandikwa upya kila unapowasha, kwa hiyo inakili kabla hujafungua tena. Ukisema umeshaijaribu peke yake na kwa rangi yake ya asili, umemwondolea maswali mawili ya kwanza. Inamfaa mwenye kasoro inayorudi kila mara kwa hatua zilezile.

Kulingana na hali yako

Injini haiwaki au ITT inapaa: kaa kwenye kiti na orodha ya ukaguzi, anza na volti za betri. Kama ndege huhifadhi hali, fungua ukurasa wake wa matengenezo kabla ya kingine chochote.

Inawaka vizuri lakini haina nguvu ukiondoka Dodoma mchana: jaribu HTDA kwanza, kisha kichujio cha vumbi, kisha wenzo wa propela.

Inazimika angani bila sababu, au mikono inaruka yenyewe: tazama kipimo cha joistiki kwenye Windows ukiwa umeondoa mkono. Simuleta usiiguse bado.

Skrini nyeusi, na ulipakua rangi au GPS karibuni: itenge. Huhitaji kupakua upya.

Ilikuwa nzima jana, simuleta ikasasishwa usiku: angalia kama mtengenezaji ametoa toleo jipya. Likiwepo, sakinisha hilo. Lisipokuwepo, kusakinisha upya toleo lilelile kuna nafasi ndogo ya kusaidia, hivyo itenge kwanza, halafu uandike.

Simuleta inajifunga unapoichagua ndege: tenga, na ikiendelea kuanguka ikiwa peke yake, angalia programu ya kuzuia virusi, kisha usakinishe upya.

Una bando dogo la mwisho wa mwezi na laptopu moja: kagua, tenga, ondoa hali iliyohifadhiwa. Hizo tatu hazikugharimu jibi hata moja, na upakuaji unaweza kusubiri bando jipya.

Unaandaa safari ya pamoja na wenzako usiku huu na muda hauko: chukua Caravan au King Air iliyokuja na simuleta, rusha nao, na kesho mchana urudi kwenye ile iliyogoma ukiwa na orodha ya ukaguzi mkononi.